Kumtunza mzazi ndani ya arobaini

Mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua, akirudi nyumbani, mama yake, shangazi, wifi au mwanamke aliyelipwa huja kukaa naye. Mara nyingi mgeni huyu humchukua mtoto, halafu mzazi, nyuzi hazijakauka, anainuka kuosha vyombo. Kazi imekwenda kinyume. Anayekuja kumtunza mzazi ashike sufuria, ndoo ya nguo na nepi chafu. Mtoto akae kifuani kwa mama yake.

Mengi huharibikia kwenye kunyonya. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, ni machache, na tumbo la mtoto nalo ni dogo. Maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5. Hapo katikati ndipo watu wanapoingiwa na hofu, wakampa mtoto maji ya glukosi au asali. Asali ni hatari kabla ya mwaka mmoja. Maji nayo yanamshibisha bure: asiponyonya, titi halipati amri ya kutengeneza maziwa, yanapungua kweli, kisha mzazi anaambiwa hana maziwa. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo.

Ukitaka kujua kama anapata, tazama nepi. Siku ya kwanza akojoe angalau mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3; kuanzia ya tano, mara 6 au zaidi. Choo cheusi cha kunata kigeuke kijani, na kufikia siku ya 5 kiwe cha njano.

Chuchu zikichanika, kasoro kwa kawaida iko kwenye namna mtoto anavyoshika titi. Kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, aingize na sehemu nyeusi, si ncha ya chuchu peke yake. Maumivu yakiendelea, mzazi apenyeze kidole kidogo kilichooshwa kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, amtoe, aanze upya. Titi likijaa hadi kuwa gumu, akamue kidogo kwa mkono kwanza ili mtoto apate pa kushika, na baada ya kunyonyesha aweke kitambaa cha baridi. Likiwa na sehemu nyekundu ya moto pamoja na homa, aende kituo cha afya, lakini asiache kunyonyesha.

Kukanda ni suala linalohitaji msimamo. Kitambaa cha uvuguvugu mgongoni na mabegani kinampa raha mzazi. Maji ya kuunguza, kukandamiza tumbo, kukanda juu ya mshono wa upasuaji: hapana, hata bibi akisisitiza. Ngozi inaungua na kidonda kinaweza kufumuka. Aliyeshonwa chini ajioshe kwa maji safi kila atokapo chooni, kutoka mbele kwenda nyuma. Na jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, iwe kwa mafusho au kwa joto; hewa yake ya sumu haina harufu na inaua waliolala.

Kitovu hakipakwi majivu, mate, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe, maana huko ndiko pepopunda hutokea. Kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Maji ya kwanza ya kuoga yasubiri saa 24. Wanja machoni acheni, mwingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Chakula hakihitaji maelezo marefu: uji, supu, maharage, mchicha, samaki, na kikombe cha maji kila anaponyonyesha. Vidonge vya madini ya chuma aendelee navyo alivyoelekezwa.

Asingoje asubuhi mzazi anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mwenye homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au maumivu makali ya kichwa na macho yenye ukungu. Kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua. Kwa mtoto: amekataa kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, amekuwa wa njano siku ya kwanza, au unjano umefika viganjani na nyayoni. Wote wakiwa wazima, kliniki bado ipo: Shirika la Afya Duniani linataka waonwe katika saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne huwapata wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, au mzazi halali hata mtoto akilala, muulize waziwazi mkiwa wawili tu kama amewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, au akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.