Usimimine fedha yote kwenye mizani mara moja

Ukifika kwa sonara na mfuko wa vitu vya bibi vya madini ya fedha, vikuku, mitali, kipini, sarafu za kale za reale mbili tatu na vijiko vya wageni, atavimimina vyote kwenye mizani na kukutajia bei moja. Faida yake kubwa inaanzia hapo. Ukishaondoka ataketi avichambue: hiki cha kuyeyusha, hiki cha kusafisha na kuweka kabatini, hiki cha mkusanyaji wa sarafu. Kazi hiyo ya kuchambua ifanye wewe, nyumbani, kabla yeye hajaviona.

Anza na sarafu, kwa sababu uzito wake unajulikana. Reale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa 1780 hata kama imepigwa karne ya 20, ina gramu 28.07, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.39. Rupia ya India ya enzi za Malkia Victoria ina gramu 11.66, safi 10.69. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya 1921 hadi 1946 ni robo tu ya fedha: katika gramu 7.8 unapata safi 1.94. Zilizopigwa kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Ukiziacha rupia zichanganyike na shilingi, lundo zima litapigiwa bei ya shilingi.

Kwenye mapambo, muhuri wa 925, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, ni habari njema, ila mapambo mengi ya zamani ya pwani na ya Oman hayana muhuri wowote. Mafundi walikuwa wakiyeyusha reale hizohizo kupata madini, kwa hiyo kitu kisicho na muhuri kinaweza kuwa fedha nzuri kabisa. Usikubali bei ishushwe kwa sababu hiyo peke yake. Kinyume chake, vijiko na birika zenye herufi EPNS ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa juu. Hizo zitoe kwenye hesabu.

Sumaku inakamata chuma. Shaba inapita bila kushikwa, kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni cha maji. Weka glasi ya maji kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, kisha irudishe sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba, izamishe yote ining'inie bila kugusa chini wala ukingo, na uitikise kidogo mapovu yatoke. Namba inayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Bangili ya gramu 62 ikisoma 6.0, jibu ni 10.3, nayo inalingana na kiwango cha 925. Ikisoma 6.1, jibu ni 10.2, yaani umekaribia 800. Ikisoma 7.2, jibu ni 8.6, na hiyo ni aloi ya shaba. Unaona jinsi sehemu moja ya kumi inavyobadili kiwango, kwa hiyo mizani inayoruka gramu nzima haifai hapa. Furungu lenye uwazi ndani, au pete yenye jiwe, usiipime hivi, itakudanganya.

Sasa bei. Tuseme, kwa mfano tu, gramu moja ya fedha safi ni shilingi 3,000. Bangili yetu ya 925 ina safi gramu 57.35, thamani yake 172,050. Sonara akiihesabu kama 800, anaanzia 148,800. Akikupa asilimia 70 ya hapo, unaondoka na 104,160. Amekukata mara mbili na wewe umesikia punguzo moja tu. Ndiyo maana muulize maswali mawili tofauti: unaihesabu kiwango gani, na unalipa asilimia ngapi?

Asilimia mia usiitarajie, na si haki kuidai. Kuyeyusha kunapunguza uzito, kusafisha madini kuna gharama, na bei inaweza kushuka kabla hajauza. Kwangu mimi, kati ya asilimia 70 na 85 ya thamani ya madini halisi ni biashara. Ikishuka chini ya nusu, chukua vitu vyako.

Neno aunsi nalo linaleta ugomvi usio na sababu. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya masonara, gramu 31.1. Aunsi ya mizani ya jikoni ni gramu 28.35, na wakia ya wazee wetu ilikuwa uzito wa reale moja. Vitu vinavyosoma aunsi 10 nyumbani vitakuwa 9.1 sokoni, na mwenye mali atadhani ameibiwa. Zungumzeni kwa gramu.

Ukibadilisha vya zamani kwa vipya, angalia ufundi, yaani malipo ya kazi ya kukitengeneza kitu. Anaweza kukupa bei tamu kwa chako, kisha akairudisha yote kwenye ufundi wa kile kipya. Ufundi wa kitu unachouza wewe haulipwi, isipokuwa ukikiuza kama kitu kamili.

Na vipo vitu visivyopaswa kugusa mizani ya madini. Jambia lina chuma, mti na ngozi chini ya bati la fedha, ukilibandua, umeharibu. Pete za Lamu zenye kipande cha sahani ya kale zina madini kidogo sana, lakini mnunuzi anayetaka cha kuweka kabatini haulizi gramu. Vitu hivi uza kimoja kimoja, kwa wanunuzi wawili au watatu, na usivisugue: weusi ule kwenye nakshi ndio unaoonyesha umri.

Sonara akitaka kupiga tupa ili aone ndani, ni ombi halali kwa kitu cha kuyeyusha. Mkubaliane kwanza bei itakuwa ngapi ikiwa ndani ni fedha, na mkwaruzo upigwe upande wa ndani.