Idd pili Mapembeni

Ami alisema saa nane Mapembeni. Saa saba na nusu nilishamburura babu hadi Moi Avenue, gauni langu jipya la Idd limenikakamaa shingoni na viatu vinanibana vidole. Ilikuwa Idd pili ya mwaka 1988, nami nina miaka minane. Ami alikuwa ameahidi kunipeleka Makadara kwenye bembea, na ahadi ya Idd kwa mtoto ni deni.

Mombasa ukiambiwa "tukutane Mapembeni" huulizi ni wapi. Lakini mimi siku zote niliyapita yale mapembe makubwa ya barabarani nikiwa ndani ya matatu, nimebanwa kwapani mwa mtu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kusimama chini yake. Pembe nne, mbili kila upande wa barabara, zimekutana juu. Nikapiga hesabu yangu: ndovu wawili. Nikaangalia miti ya Uhuru Gardens pale kando na kuona haitoshi kumficha hata mmoja wao.

"Babu, hawa ndovu waliuliwa na nani?"

"Gonga, mke wangu."

Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia ndani, tupu, sauti niliyoijua kabisa. Babu akacheka. "Alumini. Ndugu yake sufuria la nyanyako."

Nilinuna. Nikatafuta maungio ya yale mabati, nikayafuata kwa ukucha hadi pale mkono wangu ulipokoma, na kila nilipoona mshono mwingine nikazidi kununa. Bora angeniacha na ndovu wangu. Juu kunguru alikuwa ametua, ananitazama kwa jicho moja.

Saa nane ikapita. Saa tisa. Babu akaninunulia mabuyu, tukakaa bustanini kivulini, nikavua viatu. Nikamwuliza kwa mara ya kumi kama ami anakuja.

"Wewe unamngoja ami yako," akasema, "Wazungu walimngoja binti mfalme wao."

Babu mwaka 1952 alikuwa kijana, kuli wa bandarini Kilindini. Mji ulipambwa, alisimulia, na mapembe yakasimamishwa barabarani kwa ajili ya Elizabeth. Angeshuka kutoka bara, apande meli iitwayo Gothic, aende zake Australia. Meli ilikuwa tayari inamngoja, nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Tarehe 6 Februari, yeye yuko huko Nyeri kwenye hoteli iliyojengwa juu ya mti akitazama wanyama, baba yake akafa Sandringham, huko Uingereza. Kapanda mtini binti mfalme, kashuka malkia! Akarudi kwao kwa ndege, kupitia Entebbe. Kilindini hakufika.

"Na mapembe?"

"Yakabaki yamesimama, yanamkaribisha nani sijui." Akapangusa kofia yake kwa leso. "Mdogo wake, Margaret, ndiye aliyekuja, mwaka 1956. Huyo alifika kweli."

Sikuwa na haja na Margaret. Nilimfikiria yule wa kwanza, na wale walioshona bendera, na waliofagia barabara, na babu mwenyewe, sijui kama naye alikuwa amevaa nguo nzuri. Sikumwuliza. Saa kumi na moja wingu likafunga kutoka baharini, akanivisha viatu bila kusema kitu, tukarudi Majengo kwa miguu.

Tukamkuta ami barazani, mguu juu ya mguu, sahani ya pilau mapajani. Ati matatu liliharibika Mtwapa, ati fundi alichelewa, halafu akaona bora aje moja kwa moja nyumbani. Alikuwa akijieleza huku anatafuna.

Babu akamwacha amalize.

"Mimi nilidhani umefiwa na mfalme."

Ami akabaki ameshika tonge, anamtazama babu, ananitazama mimi. Nilicheka hadi kokwa ya buyu ikanipalia, nyanya akatoka jikoni mbio kunipiga mgongoni.