Bado Sijajua, Mama

Mwaka 2014 mama alishikwa na homa ya kuja na kuondoka. Mchana anapalilia, jioni anatetemeka, usiku anatoka jasho mpaka kanga inalowa. Kiuno na magoti vilimuuma kama aliyebeba magunia. Zahanati ya kijijini kwetu, Hanang', ilimpa dawa ya malaria mara mbili. Nikampandisha basi hadi Arusha, kwenye hospitali kubwa ya kulipia. Sakafu yake inayong'aa pekee ilinipa imani.

Daktari alikuwa akiandika tangu tunaingia. "Anasumbuliwa na nini?" akaniuliza mimi, na mama ameketi mbele yake. Kipimo cha malaria kilitoa mstari mmoja, yaani hana. Cha Widal, kipimo cha damu cha taifodi, kilipanda kidogo, basi akaandika taifodi na dawa za aina tano. (Widal peke yake hupotosha mara nyingi, hilo nimelijua baadaye.) Niliridhika kabisa. Nje kwenye benchi mama akasema, "Mwanangu, huyu hajaniona." Nikamjibu kwa ukali kwamba vipimo ndivyo vinavyoona. Jibu lile linaniuma hadi leo.

Wiki tatu zikapita, homa iko palepale. Safari hii mama alichagua mwenyewe: kituo kidogo cha afya, kwa tabibu mmoja kijana aliyesifiwa na majirani.

"Shikamoo, mama." Akavuta kiti akakaa upande wake. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali. Akasugua viganja kwanza, ndipo akamgusa tumbo, kisha akapapasa uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, akimtazama usoni aone wapi anakunja uso. Homa huanza saa ngapi? Mnafuga nini? Yupo ng'ombe aliyetupa mimba?

Mama akashangaa amejuaje. "Wawili, masika haya."

"Na maziwa mnachemsha?"

"Tunakunywa mabichi, baba. Ya moto hayana ladha."

Akanyamaza kidogo. "Bado sijajua, mama. Nahisi ni brusela, ugonjwa wa kutoka kwa ng'ombe, lakini sitakupa dawa kwa kuhisi. Damu yako ipimwe kwanza."

Moyo ulinishuka. Tumetoka kote huko kuja kwa mtu asiyejua! Mama, kwa upande wake, alikuwa anafunga kanga vizuri, ametulia kama aliyekwisha kupona.

Ikawa brusela kweli. Alichomwa sindano, akapewa na doksisaiklini ya kumeza wiki sita, asubuhi na jioni, na hakuruka hata siku moja. Nilikuwa nikitandika kitanda chake siku hizo nilipokuta mfuko wa dawa za Arusha chini ya godoro, karibu umejaa. Nikamuuliza kwa nini hakuzimeza.

"Yule daktari alikuuliza wewe," akasema. "Nikajua dawa ni zako."