Imekubali: besi moja iliyonila wiki mbili

Saa nane usiku wa leo jeni ya ACT1, ile ya protini ya aktini kwenye hamira, imetoka na besi (herufi za DNA) 1128 kamili. Nimepiga kelele peke yangu chumbani.

Kwa wanaofuatilia: bado nakusanya data za hamira kutoka vikundi vitano vya utafiti, ili mtu azifungue zote kwa amri moja bila kuwaandikia wenyewe barua pepe. Suala la kromosomu moja kuitwa chrI kwa huyu na I kwa yule lilishakwisha. Kilibaki kipimo kidogo tu: kata mfuatano wa kila jeni kutoka kwenye jenomu (DNA yote ya hamira), tazama kama unaanza na ATG, kodoni (herufi tatu) ya kuanzia. Faili mbili zikagoma.

Nikapanga orodha ya jeni zilizoanguka. Majina yake yote yanaishia na W. Kwenye majina ya kimfumo ya jeni za hamira herufi hiyo huonyesha jeni iko uzi upi kati ya nyuzi mbili za DNA, W kwa Watson na C kwa Crick, basi nikashika kwamba tatizo ni uzi. Ajabu ni kwamba C ndizo zinazohitaji kugeuzwa, kwa kuwa husomwa kinyumenyume, na ndizo zilizopita! Nikaamini skripti inagusa W mahali isipopaswa. Nimeandika upya sehemu ya kugeuza mara tatu. Nimelinganisha na matokeo ya samtools, programu inayokata mifuatano ya DNA, herufi kwa herufi. Safi kabisa, na W bado zinaanguka. Kuna siku nilifunga kompyuta nikiwa na hasira ya kweli.

Aliyenitoa ni ACT1. Ni jeni ya uzi wa C, ATG yake iko mahali pake. Lakini nilipopima eksoni zake mbili, yaani vipande vinavyounganishwa kuunda ujumbe wa protini, nikapata besi 9 na 1117. Aktini ina asidi amino 375. Kila asidi amino ni kodoni moja ya besi tatu. Ongeza kodoni ya kukomesha, zidisha kwa tatu, ni 1128. Mimi nina 1126. Eksoni mbili, besi mbili pungufu.

Wazoefu wa BED mmeshajua. BED na GFF ni miundo miwili ya faili zinazoonyesha jeni inaanzia na kuishia wapi. GFF huhesabu kuanzia 1 na mwisho umo ndani. BED huanzia 0 na mwisho haumo. Kuna aliyehamisha safu ya mwanzo kutoka GFF kwenda BED bila kutoa moja. Namba ya mwisho haibadiliki, kwa hiyo besi inayopotea daima ni ile yenye namba ndogo. Kwa W hiyo ni A ya ATG. Kwa C ni besi ya mwisho ya kodoni ya kukomesha, ambayo sikuwa naikagua. Yaani jeni za C zilikuwa mbovu vilevile, zikapita kwa sababu kipimo kilitazama ncha moja.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna mstari hata mmoja kwenye faili hizo unaosema hesabu inaanzia wapi. Kanuni za FAIR, za kufanya data ipatikane na itumike tena na wengine, zilichapishwa 2016! Naipenda bedtools, programu ya kushughulikia faili za BED, kwa kasi yake, ila itachukua namba unazoipa kama zilivyo. Na tafadhali, msipitishe majina ya jeni kwenye programu ya majedwali. Faili ya tatu ilipita huko, jeni ya OCT1 ikarudi kama tarehe ya Oktoba. Kwa jeni za binadamu ilibidi HGNC, kamati inayotoa majina hayo, ibadilishe baadhi ya majina kwa ajili ya hilo; SEPT1 sasa ni SEPTIN1.

Grafu nilizoahidi wiki hii nimeziweka kando. Naandika mkaguzi: faili ikiingia, kila jeni inatafsiriwa kutoka ATG hadi kodoni ya kukomesha, urefu unagawanywa kwa tatu, na upungufu unalinganishwa na idadi ya eksoni. Vikilingana, faili inarudi kwa mwenyewe na sababu yake. Pia kila faili itabeba JSON fupi (faili ndogo ya maelezo) yenye toleo la jenomu na mwanzo wa hesabu; isipokuwepo, haiingii.

Mkaguzi ameshanishikia faili ya tano, ambayo nilikuwa bado sijaipima kwa ATG. Jeni nyingi zimehama kwa besi kadhaa, tena si kwa kiasi kimoja kila kromosomu. Nahisi ni toleo la jenomu ya hamira la kabla ya R64, toleo la 2011. Nashusha la zamani sasa hivi.