Mkalimani wa Mama

"Mama, kwa nini mjomba akisemeshwa anageuza shingo kama kuku?"

Mwanangu aliuliza hivyo Jumapili, mjomba mwenyewe yupo. Tulicheka wote, na yeye kutuzidi, maana swali lilitokea upande wa kulia na ilibidi arudiwe ndipo alisikie. Mimi nikaenda jikoni kutazama wali ambao nilijua haujaiva.

Ilikuwa 1994. Mimi miaka kumi, yeye minne. Sikio lake la kulia lilitoa usaha hadi mto ukanuka, na watoto wa mtaani kwetu Busia wakampa jina ambalo sitaliandika. Bibi alitia mafuta ya simsim ya uvuguvugu. Kliniki moja ikatupa vidonge, ikasema akikua litakauka lenyewe. Mwisho, mwanamke mmoja sokoni akamwambia Mama kwamba madaktari wa masikio wako Mulago, hospitali kuu ya Kampala. Akauza mbuzi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mdomo tu: Mama alijua Kisamia na Kiswahili cha sokoni, na Kiganda nilikuwa nacho mimi, nilichookota kwa watoto wa mwenye nyumba.

Daktari alivaa kioo cha duara kwenye paji la uso. Alizungushia pamba kwenye kijiti chembamba, akafuta, akatupa, akazungusha nyingine. Nilihesabu saba. Kisha akachungulia kwa muda mrefu, akaniita mimi, si Mama. Akachora ngoma kwenye karatasi, akaitoboa katikati kwa ncha ya kalamu. Ndani ya sikio kuna ngoma, akasema kwa Kiganda, na ya huyu ina tundu. Maji yasiingie, mafuta marufuku, mlikaushe kwa pamba safi kila siku. Halafu mumrudishe baada ya wiki sita. Likikauka tutaona kama tundu linaweza kuzibwa kwa upasuaji. Tukiliacha, kusikia kutapungua.

"Anasemaje?"

Mama alikuwa amefungua fundo la kitenge. Noti za nauli zilikuwa mapajani mwake, anazihesabu mara ya pili kana kwamba zingeongezeka. Niliziona.

"Anasema tulikaushe kwa pamba. Tusitie mafuta. Litapona."

"Basi?"

"Basi."

Daktari akanitazama. Maneno yake yalikuwa mengi, yangu machache mno. Akaniuliza kama nimemwambia yote.

"Ndiyo, ssebo."

Njiani kurudi, pale Namawojjolo, Mama alitununulia gonja, ndizi ya kuchoma, kwa furaha. Sikio likakauka, likatoa tena, likakauka. Wiki sita zikapita, miaka ikapita, Mama naye akatangulia.

Siku hizi madaktari bingwa wa masikio, pua na koo wanafundishwa Makerere na hata Mbarara (ambako kwa mtu wa Busia ni mbele kabisa ya Mulago). Huwa najiambia angekuwepo mmoja karibu na kwetu, nisingekuwa na la kuficha. Najiambia pia kwamba mtoto wa miaka kumi hapaswi kubebeshwa maneno ya daktari. Yote mawili yananikaa vizuri mpaka mjomba mtu ageuze shingo.

Jumapili hiyo alinifuata jikoni kuosha vyombo. Nilisimama kuliani kwake, maji yanamwagika, nikasema yote kwa sauti ya chini, wiki sita na noti za Mama.

Akageuza shingo. "Unasemaje?"

"Nasema wali umeiva."