Pasheni za chupa na yule nyuki mweusi

Ukipita soko la Kongowea, Mombasa, utaona pasheni aina mbili, zile nyeusi ndogo za kutoka bara na hizi za manjano ambazo joto letu la Pwani haliziumizi. Nyeusi ni tamu wallahi, lakini kuvu ya fuzari ikiingia kwa mizizi mmea wote unanyauka, ndo mana watu wanachukua kijiti cha nyeusi wanakipachika kwa shina la manjano, mizizi yake sugu.

Sasa kuna tishu kalcha, yaani kuotesha miche kwa chupa. Wanakata ile ncha changa kabisa ya chipukizi, hata milimita moja haifiki, wanaiweka kwa chupa yenye agari (kitu kama jeli), sukari, madini na homoni, na kwa vile virusi mara nyingi havijafika pale nchani, miche inatoka safi. Mi naona hapo ndo pesa imelala, maana virusi vikishaingia shambani havina dawa.

Ila chunga, usinunue miche ya manjano yote iliyotolewa kwa mmea mama mmoja! Ua lake halikubali chavua ya pacha wake, utaona maua tele na tunda hakuna. Changanya miche ya mimea mama tofauti, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboatoboa boriti zako usimfukuze, ndo mbeba chavua huyo.