Siku tatu Usambara: kutoka Mombo hadi Mtae

Kwa miaka mingi Mombo kwangu ilikuwa mahali pa kula tu. Basi la Arusha linasimama, abiria wanashuka, wali unaliwa harakaharaka, honi inalia, tunapanda tena. Upande wa kulia wa barabara milima ya Usambara imesimama kama ukuta, nami nimeitazama dirishani safari baada ya safari bila kujiuliza nani anaishi kule juu. Januari hii nilishuka na begi langu, nikaliacha basi liende.

Kosta ya Lushoto ilijaa upesi. Ni kilomita 33 tu na lami ni nzuri, lakini barabara ni nyembamba na imechongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo lenye mto chini yake. Mombo tuliiacha katika joto kali, na mashamba ya mkonge yakiwa yamejipanga mistari hadi macho yanapoishia. Zao hilo si la kwetu kwa asili. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na Mjerumani Richard Hindorf, nalo likaja kuishika Tanga nzima. Hatukufika mbali abiria wakaanza kufunga madirisha mmoja mmoja. Mama aliyekaa kando yangu alitoa kanga ya pili kwenye kikapu, akajifunika mabega, akaniambia, "Wewe mgeni, tafuta sweta mapema."

Soni nilishuka. Maporomoko yako karibu kabisa na barabara, na watu wengi huyaona wakiwa ndani ya gari na kuridhika. Mimi naona si haki kuyapita hivyo. Shuka, sogea mpaka rasharasha zikufikie usoni, usikilize. Maji haya ndiyo yanayoteremka kwenye lile korongo kwenda bondeni, na Mombo kule, kwenye joto lile, watu wanalima mpunga. Nilipokuwa nikila wali wangu stendi, sikuwahi kuwaza maji yake yalianzia wapi.

Kutoka Soni barabara nyingine inakwenda Bumbuli, na upande huohuo wa milima iko Vuga, makao ya zamani ya watawala wa Kikilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji mgeni aliyewaua nguruwe pori walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mtawala wao. Katika karne ya 19, chini ya Kimweri ye Nyumbai, ufalme huo ulitawala kutoka milimani hadi karibu na pwani. Vuga sikufika safari hii, na bado inaniuma.

Lushoto mjini nilipita tu. Ni mji mdogo wenye miti mirefu na hewa safi, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wajerumani waliupenda kiasi cha kuuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Niliacha mzigo nyumba ya wageni, nikaanza kutembea kwenda Irente kabla jua halijapunga.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na bodaboda watakusumbua njiani wakikuonea huruma. Tembea. Njia inapita katikati ya migomba, mahindi na maharage, kwenye nyumba za udongo mwekundu, na watoto wanakusalimia mpaka sauti inakukauka kwa kuitikia. Halafu mashamba yanakwisha ghafla, unajikuta juu ya mwamba na mbele yako hakuna kitu. Ardhi imekatika. Chini kabisa, kama mita 1,000 kutoka ulipokanyaga, ndiyo Mazinde, na tambarare inayokwenda hadi inapochanganyika na mbingu. Upepo unapanda kutoka bondeni ukiwa bado na joto la kule.

Nilikaa chini kwa sababu miguu ilikuwa ikitetemeka. Kisha nikaiona barabara, ileile ya Arusha, nyembamba kama uzi, na basi likitambaa juu yake. Pengine ndani yake alikuwemo mtu ameegemea kioo, akiutazama mwamba niliokalia.

Mzee mmoja aliyekuwa amepumzika pale na mzigo wake wa majani ya ng'ombe alinisogelea. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia nashangaa huku kijani kibichi na kule kumekauka hivyo, na katikati ni hatua chache tu za jicho, alinyoosha kidole nyuma yetu.

"Mawingu yanatoka kule, baharini. Yakikutana na milima yanatua mzigo. Yakivuka kwenda kule chini, mwanangu, yanakwenda matupu."

Sijawahi kuelezwa jiografia vizuri namna ile. Tulikaa kimya mpaka jua likagusa nyika, rangi ya bonde ikageuka mara tatu au nne, mzee akajitwika majani yake akaondoka.

Siku ya pili niliitenga kwa ajili ya msitu wa Magamba. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia, unalipia kiingilio na unakwenda na mwongozaji, na nashauri usitafute njia ya mkato. Mimi nilipewa kijana aliyekulia kijiji cha jirani, mpole, mwenye macho makali ajabu. Tulipanda kupitia mashamba ya kabeji na karoti, tukapita mikalitusi, na hapo bado sikuona cha ajabu. Kisha tukavuka mpaka wa hifadhi. Baridi ilibadilika kwanza, halafu harufu, halafu mwanga. Chini ya miti ile saa nne asubuhi ilikuwa kama magharibi.

Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu yake imeishi kwa unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, ndiyo maana ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote. Nilikuwa nimeyasoma hayo nyumbani. Ni jambo jingine kabisa kijana anapokushika mkono na kunong'ona, "Dada, usisogee," kisha anakuonyesha kwenye tawi, mbele ya pua yako, kinyonga mwenye pembe mbili bapa puani. Wengi wetu tulilelewa kuwaogopa hawa. Huyu alikuwa kijani iliyoingia buluu, akigeuza jicho moja kwangu na jingine kwa mwenzangu, akiuinua mguu polepole kana kwamba tawi ni la moto.

Juu zaidi tuliwakuta mbega, kundi la saba au nane, manyoya meupe yakining'inia mabegani. Mbega hana dole gumba. Anaruka mti hadi mti akijishika kwa vidole vinne kama kulabu, na majani yanabaki yakitetemeka muda mrefu baada yake. Tuliwatazama tukiwa tumeegemea mkulo mmoja mnene ambao sisi wawili tusingeweza kuukumbatia.

Nilimuuliza habari za lile ua dogo la zambarau ambalo mama yangu alilipanda kwenye kopo barazani. Akasema porini hulikuti juani, hupenda kukumbatia miamba yenye kivuli, karibu na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekaa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Siku ile hatukuliona, ila kila tulipovuka kijito nilichuchumaa kukagua miamba. Vijito tulivuka vingi. Maji baridi, yanatoka chini ya mizizi bila kelele, membamba kama kidole. Nilikumbuka Soni.

Siku ya tatu ilikuwa ya Mtae, mwisho wa milima upande wa kaskazini. Basi lilichukua saa nyingi kwenye barabara ya vumbi, likipita Lukozi na viroba vyake vya viazi na karoti, likipakia na kupakua bila pupa. Mtae yenyewe imekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, bonde huku na bonde huku. Nilifika jioni. Kaskazini ilionekana nyika ya Mkomazi, na ng'ambo yake vilima vya Taita vikiwa tayari ni Kenya. Magharibi, milima ya Pare. Wenyeji wakanionyesha inapokaa Kilimanjaro siku mbingu zikifunguka. Palikuwa na wingu tu, jeupe, limetulia.

Basi la kurudi huondoka alfajiri. Saa kumi mwenye nyumba alinigongea mlango, akanipa chai ya tangawizi nje gizani, tukaisikia injini ikiunguruma ukungu ukiwa umefunika kila kitu. Konda alikuwa juu akifunga mizigo kwa tochi. Bibi mmoja akapanda na kuku wawili, nikamwachia kiti cha dirishani, akakataa.

"Kaa wewe mjukuu wangu," alisema. "Mimi nimeiona."